Usukani, Kontroli Boksi na Kichakataji: Historia ya Ubongo wa Gari na Maneno Yake, kwa Kutazama Maisaka, Babati

Mahali penyewe

Mji wa Babati, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipotengwa na Arusha mwaka 2002, umekaa penye njia panda. Barabara kuu itokayo Arusha ifikapo hapo hugawanyika. Moja huelekea Kondoa na Dodoma, na ya pili huelekea Katesh na Singida. Njia ya Dodoma ni sehemu ya ile iliyoitwa zamani Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo watawala wa Kiingereza waliitazamia kuwa kipande cha njia ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo. Kwa miaka mingi ilikuwa njia ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Kilometa 251 za lami kati ya Dodoma na Babati zilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Maisaka ni moja ya kata za mji huu, na katika mji wa njia panda kazi ya ufundi wa magari haikosi watu.

Wachunguzi wa lugha wanaifahamu nchi hii kwa sababu nyingine. Hapa Kigorowa na Kiiraqw, ambazo ni lugha za Kikushi, hukutana na Kirangi na Kimbugwe, ambazo ni za Kibantu, na hukutana pia na Kidatoga cha Wabarbaig, ambacho ni cha Kiniloti. Wala Kisandawe na Kihadza haviko mbali sana. Ni mahali pachache katika Afrika ambapo lugha za nasaba mbalimbali kiasi hiki zimekaa ujirani kwa karne nyingi, zikaazimana maneno na hata mipango ya sarufi. Lakini gari likiharibika, mwenye gari na fundi, kila mmoja akiwa na lugha yake ya nyumbani, huzungumza Kiswahili. Kwa hiyo anayetaka kujua namna Kiswahili kinavyobeba ujuzi wa mashine hana haja ya kwenda mbali zaidi ya karakana ya mji kama huu.

Jambo linalochunguzwa katika makala haya ni historia ya kitu kidogo kisichoonekana, yaani kichakataji kilichomo ndani ya gari, pamoja na maneno ambayo Kiswahili kimeyatumia kukitaja. Mambo haya mawili hayatenganiki. Fundi asiye na neno la kitu hawezi kumweleza mwenzake ubovu wake, na mwenye gari asiyeelewa neno aliloambiwa hawezi kujua analipia nini.

Gari lilipoazima maneno ya jahazi

Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa, akafika Swakopmund, pwani ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909. Huyo ndiye anayehesabiwa kuwa mtu wa kwanza kulivuka bara la Afrika kwa gari. Wakati huo Kiswahili kilikuwa tayari na neno gari, lililotoka India, nacho kilikuwa na hazina kubwa ya maneno ya safari za baharini. Hazina hiyo ndiyo iliyofunguliwa kwanza.

Usukani ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ule ubao wa nyuma ya chombo unaokiongoza majini. Abiria, nauli na shehena ni maneno ya biashara ya pwani. Rubani alikuwa mtu ajuaye miamba na mikondo kabla hajawa mtu wa ndege. Hata neno chombo, ambalo mabaharia walilitumia kwa jahazi na mashua, limepanda nchi kavu, na leo sheria na matangazo ya polisi husema vyombo vya moto. Kwa ufupi, kila kilichomhusu msafiri na mfanyabiashara kilipata jina la baharini.

Ama sehemu za ndani ya mashine zilikuja na majina mengine. Breki, gia, klachi, plagi, kabureta, rejeta, betri na dainamo ni maneno ya Kiingereza yaliyopokewa katika karakana za wakati wa ukoloni, yakatiwa irabu mwishoni, yakatulia katika ngeli bila taabu. Hayakutungwa na kamati yoyote. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili, na kamusi kubwa iliyosimamiwa na Frederick Johnson ilitoka mwaka 1939. Lakini mafundi hawakungoja kamati wala kamusi.

Yafaa kuangalia tabia moja ya maneno hayo ya pili. Kila moja lilikuwa jina la kitu kinachoshikika. Kabureta iliweza kufunguliwa, kuoshwa kwa petroli na kurudishwa. Plagi iliweza kutolewa, ikatazamwa rangi yake, na kwa rangi hiyo fundi akajua injini inakula mafuta kupita kiasi au inaunguza oili. Kijana aliyejifunza kazi chini ya mwembe alijifunza jina na kitu kwa wakati mmoja, kwa kuwa mkubwa wake alimwonyesha kwa kidole. Huo ulikuwa ndio msingi wa ufundi wote.

Sanduku lililofungwa

Msingi huo ulianza kutikisika mahali pengine kabisa. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliweka katika gari la Volkswagen mtambo wa kunyunyizia petroli ulioongozwa na sanduku la transista badala ya kabureta. Sanduku hilo halikuwa na kichakataji. Lilipima tu shinikizo la hewa na kulipa kila silinda kipimo chake. Mwaka 1971 Intel ya Marekani ilitoa kichakataji 4004, chenye transista 2,300 katika kipande kimoja cha silikoni. Wakati huo huo sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970 iliwabana watengenezaji wa magari kupunguza moshi wa sumu, na shida ya mafuta ya mwaka 1973 ikawabana kupunguza matumizi ya petroli. Mabano hayo mawili hayakuweza kutimizwa kwa springi na vijiti peke yake.

Ndipo Toshiba ya Japani ikatengeneza kichakataji cha biti 12 kwa ajili ya Ford. Mwaka 1977 gari la Oldsmobile Toronado lilitoka likiwa na kichakataji cha kupanga wakati wa cheche za plagi. Mwaka 1979 Bosch na BMW waliunganisha cheche na petroli chini ya sanduku moja. Kuanzia hapo injini ilikuwa na kitu kinachopima, kinachohesabu na kinachoamuru, mara nyingi kwa kila sekunde.

Tanzania wakati huo ilikuwa na habari yake yenyewe kuhusu kompyuta. Ya kwanza iliingia mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya matumizi ya mashine hizo katika hesabu za serikali kuleta hasara na matatizo, uagizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980. Ni katika miaka hiyo hiyo, baada ya biashara ya kuagiza bidhaa kuanza kufunguliwa mwaka 1984, magari kutoka nje yalipoanza kuongezeka. Basi kwa Watanzania wengi kompyuta ya kwanza kuwa mali yao haikuwa ya mezani; ilikuja chini ya boneti, bila kutajwa kwa jina hilo.

Fundi aliyeifungua boneti hiyo alikuta sanduku la bati lisilo na kitu cha kukaza wala cha kulegeza. Akaliita kontroli boksi. Jina hilo ni la Kiingereza kwa sauti, lakini matumizi yake ni ya Kiswahili cha karakana: ni sanduku, na ndani yake mna amri. Mafundi wengine husema ndio ubongo wa gari. Kwa maelezo ya nje jina hili halina kosa. Kasoro yake itaonekana baadaye.

Nyaya zilipoanza kusema

Sanduku moja lilizaa mengi. Mwaka 1978 breki zinazozuia gurudumu lisijifunge ziliingia katika Mercedes-Benz, zikiwa na sanduku lake. Mifuko ya hewa, gia za kujibadili, madirisha na kufuli vikafuata, kila kimoja na sanduku lake. Magari ya fahari yakafikia masanduku zaidi ya 100, na nyaya za kuyaunganisha zikawa mzigo.

Bosch ilianza mwaka 1983 kubuni namna ya masanduku hayo kuzungumza katika jozi moja ya nyaya, ikaitangaza mwaka 1986 mjini Detroit kwa jina la CAN. Kanuni yake ni ya baraza. Kila sanduku husikia kila linalosemwa. Kila ujumbe una namba, na namba iliyo ndogo zaidi ina haki ya kutangulia. Masanduku mawili yakianza kusema pamoja, lenye namba kubwa hunyamaza, na ujumbe wa breki hautangojea ujumbe wa dirisha. Nchini Marekani, tangu magari ya mwaka 1996, sheria ilitaka kila gari jipya la abiria liwe na tundu moja la namna moja ambalo fundi yeyote anaweza kulitumia kusoma makosa yaliyoandikwa katika kumbukumbu ya sanduku.

Tundu hilo ndilo lililoleta neno kupima katika karakana kwa maana mpya. Gari hupelekwa kupimwa kwa kompyuta, kama vile mgonjwa anavyopelekwa kupimwa damu. Mashine hutoa herufi na tarakimu, na fundi hutafsiri: sensa fulani haisemi, au silinda fulani haiwaki. Mfano wa hospitali unafaa, lakini hupoteza njia usipoangaliwa. Kupima si kutibu, na namba ya kosa husema tu ni ujumbe gani umekosekana au umepita mpaka. Haisemi kwa nini. Waya uliotafunwa na panya na sensa iliyokufa huweza kuandika kosa lile lile. Mwenye gari anayesikia kwamba kompyuta imesema sensa imekufa hudhani hukumu imetolewa, hali ulitolewa ushahidi tu.

Kuna sauti nyingine inayojulikana katika barabara zote za Afrika Mashariki. Magari mengi ya huku yalitumika kwanza Japani, na mengi yao, yawashwapo, hutoa sauti ya mwanamke anayesema kwa Kijapani kwamba kadi haijaingizwa. Ni kadi ya kulipia ushuru wa barabara kuu za Japani, utaratibu ulioenea huko tangu mwaka 2001. Dereva wa Noah atokaye Babati kwenda Arusha huisikia kila asubuhi. Kadhalika redio ya gari hilo ilitengenezwa kwa masafa ya Japani, yaliyokuwa kati ya megahezi 76 na 90, nayo haizipati stesheni nyingi za hapa, ambazo hutumia 88 hadi 108, mpaka kinunuliwe kifaa cha kuzishusha. Mambo haya huchekesha, lakini yana funzo. Gari lililopangwa kwa programu huja na lugha, nchi na kanuni za yule aliyelipanga, wala spana haiwezi kuyabadili.

Jinsi kichakataji cha gari kinavyotofautiana

Huenda mtu akauliza kwa nini gari lisipewe kichakataji cha simu, ambacho ni chepesi na cha haraka. Jibu ni kwamba haraka si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni hakika ya wakati. Simu ikichelewa nusu sekunde mtumiaji hukasirika kidogo. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita karibu meta 22 kwa sekunde. Amri ya breki ikichelewa nusu sekunde gari limekwisha kupita meta 11. Kwa hiyo kichakataji cha breki hakiruhusiwi kusema kwamba aghalabu kitawahi. Lazima ijulikane, kabla gari halijauzwa, kwamba kitawahi kila mara.

Jambo la pili ni kujishuku. Vichakataji kama vile AURIX vya Infineon ya Ujerumani na RH850 vya Renesas ya Japani huwa na viini viwili vinavyotekeleza amri ile ile, kimoja kikichelewa kidogo nyuma ya mwenzake, na kati yao pana kilinganishi. Majibu yakitofautiana, hata kwa biti moja, kifaa hujua kwamba kimekosea na hukimbilia hali ya usalama. Kucheleweshwa kwa kiini cha pili kuna maana: mshtuko mmoja wa umeme usiviharibu vyote kwa namna moja, vikakubaliana katika uongo. Kanuni za kimataifa za kazi hii, zijulikanazo kama ISO 26262, zilitolewa mwaka 2011.

Jambo la tatu ni mazingira. Chipu ya simu hukaa mfukoni. Chipu iliyo karibu na injini aghalabu hutakiwa ifanye kazi toka baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri hadi joto la nyuzi 125, pamoja na mtikisiko na vumbi, kwa miaka 15 au zaidi. Wabunifu wa vifaa hivyo walifikiria baridi ya Ulaya ya kaskazini na joto la majangwa. Na gari likiisha kuja Babati likiwa na umri wa miaka 12 huanza maisha ya pili ambayo aghalabu hayakuandikwa katika hesabu zao.

Katika miaka ya karibuni mpango wenyewe umebadilika. Badala ya masanduku 100, kila moja na kazi yake, watengenezaji wanaelekea kwenye vichakataji vichache vyenye nguvu katikati ya gari, na masanduku madogo pembeni ya kukusanya habari na kutekeleza amri. Tesla, ambayo ilianza kupeleka programu mpya kwa magari yake ya Model S ya mwaka 2012 kwa njia ya hewani, mwaka 2019 ilitangaza kompyuta yake yenye chipu mbili zilizobuniwa na kampuni yenyewe, kila moja ikiwa na transista bilioni 6, na kila moja ikiweza kuendelea ikiwa nyenzie imekufa. NVIDIA ilitangaza mwaka huo huo chipu ya Orin, yenye uwezo wa kufanya hesabu trilioni 254 kwa sekunde. Ndani ya kifaa kimoja sasa hukaa breki, ramani na muziki, vikigawanywa na programu ya usimamizi ili muziki ukianguka usiziangushe breki pamoja nao. Gari la namna hii huitwa gari lililofafanuliwa kwa programu, kwa sababu linavyofanya kazi hakutambuliki kwa vyuma vyake bali kwa amri zilizoandikwa, na amri hizo huweza kubadilishwa usiku gari likiwa limelala.

Neno kuchakata na safari yake

Hapa ndipo Kiswahili kilipolazimika kutafuta neno. Wataalamu wa istilahi walichagua kichakataji, kutokana na kuchakata. Kitenzi hiki hakikubuniwa kwa ajili ya kompyuta. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kufikia miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo. Kuchakata mkonge ni kuliingiza jani katika mashine, likapondwa, likakwanguliwa nyama yake, ikabaki nyuzi. Kitenzi hicho kilikwisha kuzoeleka kwa watu wa mashambani kabla hakijaingia katika vitabu vya kompyuta.

Neno hili lina sifa tatu. Kwanza, lina picha: kitu kighafi huingia, kazi hufanyika, kitu chenye manufaa hutoka. Pili, lina kiambishi ki-, kwa hiyo huonyesha kifaa, na kutofautiana na mchakataji ambaye ni mtu. Tatu, huzaa maneno mengine bila shida: uchakataji, mchakato, kuchakatwa. Maneno mengine ya taaluma hii hayakupata bahati hiyo. Tarakilishi, lililoungwa kutokana na tarakimu na akili, limepata nafasi zaidi Kenya, na Tanzania watu husema kompyuta.

Lakini picha ya mkonge ina upungufu mmoja. Mashine ya mkonge huchakata mkonge tu, na umbo lake ndilo linaloamua kazi yake. Kichakataji hakina kazi mpaka kipewe programu. Katika gari la sasa tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo lote, nayo ndiyo tofauti isiyoonekana katika neno kontroli boksi. Neno hilo la karakana hukusanya pamoja sanduku, saketi, chipu, kumbukumbu na programu, kama kwamba ni kitu kimoja.

Madhara yake si ya kamusi tu. Mwenye gari huambiwa kontroli boksi imekufa. Hununua nyingine iliyotolewa katika gari la aina ile ile, kwa fedha ambayo huenda ni mavuno ya msimu mzima. Sanduku hufungwa, nalo ni zima, na gari halikubali kuwaka. Sababu ni kwamba katika kumbukumbu ya sanduku mna alama ya siri ya ufunguo wa gari la kwanza, nalo linangojea ufunguo ambao haupo. Kilichokufa chaweza kuwa kilikuwa kipande kimoja cha saketi, au programu iliyoharibika, au kumbukumbu. Na kilichohitajika chaweza kuwa kuhamisha kumbukumbu, wala si kununua sanduku. Lakini palipo na neno moja kwa vitu vitano, maswali matano huwa swali moja, na jibu lake huwa ni kununua.

Jambo jingine la sarufi lastahili kutajwa. Wasemaji katika karakana hupenda kusema gari imegoma au gari imekataa, wakiitia katika ngeli ya i-zi badala ya li-ya ya vitabuni, na wakiipa vitenzi vya kiumbe mwenye nia. Zamani hiyo ilikuwa tamathali, kwa maana kabureta haikatai. Sasa kichakataji kinachoshuku ufunguo, kikapima, kisha kikaamua kutoruhusu petroli, kwa kweli kimekataa. Lugha ya mafundi ilitangulia, na mashine imeifuata.

Lugha ya amri na mwenye mali

Kila kichakataji kina orodha ya amri kinazozielewa: jumlisha, linganisha, ruka, hifadhi. Orodha hiyo ni lugha, yenye msamiati na mpangilio wake. Nyingi za lugha hizo zina wenyewe. Kampuni ya Arm, iliyoanzishwa Cambridge mwaka 1990, haitegemei kuuza chipu. Huishi kwa kutoza ada kwa matumizi ya lugha yake na michoro yake, na viini vyake vimo katika chipu nyingi za magari. Mwaka 2010, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walianza kuandika lugha nyingine, RISC-V, wakaiacha wazi kwa kila mtu. Mwaka 2023 kampuni tano, zikiwamo Bosch na Infineon, ziliunda kampuni ya pamoja ya kuikuza, na magari yakiwa lengo la kwanza.

Kwa watu wa lugha jambo hili si geni. Lugha ambayo sarufi na kamusi yake ziko wazi huweza kufundishwa na shule yoyote, na makosa yake kusahihishwa na yeyote aliyesoma. Hata hivyo haifai kudhani kwamba lugha ya wazi hufungua gari. Amri huweza kuandikwa kwa lugha ijulikanayo na wote, kisha zikatiwa saini ya siri, na kichakataji kikakataa kila programu isiyo na saini hiyo. Ulinzi huo una sababu ya haki. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani waliingia kwa njia ya mtandao katika Jeep iliyokuwa barabarani, na magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa namba 155 na 156, zilizoanza kutumika mwaka 2021, huwataka watengenezaji katika nchi zinazozifuata walinde magari na kusimamia programu zake.

Lakini saini ile ile imzuiayo mwizi humzuia na fundi. Katika jimbo la Massachusetts wananchi walipiga kura mara mbili, mwaka 2012 na mwaka 2020, kutaka habari za matengenezo zifunguliwe kwa wenye magari na mafundi wao. Afrika Mashariki ina sababu kubwa zaidi ya kutaka hivyo, kwa kuwa magari yake mengi huja baada ya mwenye kwanza kuyaacha. Kenya haikubali gari lililopita miaka 8. Tanzania hulikubali na kulitoza ushuru wa uchakavu. Kwa hesabu hiyo magari yaliyouzwa Japani mwaka 2024 yatafika Maisaka katika miaka ya 2030, na kwa wakati huo huenda aliyeyatia saini amekwisha kuacha kuyahudumia.

Wala si kweli kwamba eneo hili ni la kupokea tu. Shirika la Nyumbu, Kibaha, lilitengeneza lori lake katika miaka ya 1980, wakati ambapo lori liliweza kufahamika lote kwa macho na mikono. Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Kati ya majaribio haya mawili kazi ya kutengeneza gari ilihama kutoka kwenye chuma kwenda kwenye programu, na istilahi za chuma hazikutosha tena.

Mambo ya kuangaliwa

Kamati ya mwaka 1930 iligeuka chuo cha uchunguzi wa Kiswahili Dar es Salaam mwaka 1964, na tangu 2009 kazi hiyo imo mikononi mwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Vyombo vipo. Kilichosalia ni vikutane na karakana.

Jambo la kwanza ni kukusanya maneno ya mafundi kama yanavyosemwa, pamoja na maana zake, kabla ya kuyasahihisha. Sensa, kontroli boksi na kupima si uchafu wa lugha. Ni kumbukumbu za jinsi watu walivyokabili mashine ambayo hawakupewa kitabu chake. Jambo la pili ni kulipasua neno kontroli boksi, bila kulifukuza: sanduku libaki na jina lake la karakana, na ndani yake vitofautishwe saketi, kichakataji, kiini, kumbukumbu na programu. Maneno haya yote yamo tayari katika Kiswahili, na hakuna la kutungwa. Jambo la tatu ni kuyaandikia kitabu kidogo cha kazi, chenye michoro, ambacho kijana wa Maisaka ataweza kukiegemeza juu ya injini huku akifanya kazi.

Mwaka 2013 gari la Infiniti Q50 lilitoka likiwa na usukani ambao kwa kawaida haukufungwa kwa chuma na magurudumu. Dereva hugeuza, sensa hupima, masanduku matatu hukaguana, na mota hugeuza magurudumu. Ekseli ya chuma imewekwa akiba tu, kwa siku ya hatari. Neno lililoanza kwa ubao wa jahazi limefika hapo bila kubadilika hata herufi moja. Lakini nahodha aliyeshika usukani wa ubao aliyajua maji yaliyousukuma. Fundi wa Babati atakayeletewa usukani huu mpya hana budi kujua kinachousukuma, na kukijua huko kutaanza kwa kuwa na majina yake.